Darasa la Migombani

Mjane wa Mwalimu Deo aliniomba niandike wasifu wa marehemu kwa sababu, alisema, mwandiko wangu hata mzee asiye na miwani anausoma. Nilikaa kwenye meza ya sebuleni kwake, Nyaishozi, tangu saa mbili asubuhi, siku moja kabla ya maziko, na kufikia saa nne nilikuwa nimeshachana karatasi tano. Ya kwanza kwa sababu ya herufi iliyopinda. Ya pili kwa sababu ya tone la wino. Nyingine sikumbuki zilikosa nini, ila zilikosa. Mjane alipita na birika, akaziokota sakafuni, akazinyoosha moja moja juu ya goti. "Editha mwanangu, karatasi nzima kwa herufi moja?" Nikamwambia naandika upya, haichukui muda. Akaketi. Akaniuliza nimefika wapi, nikamsomea: kuzaliwa, ubatizo, chuo cha ualimu, ndoa, shule ya kwanza, shule ya pili, kupandishwa kuwa mwalimu mkuu. Hapo akanyoosha mkono akaifunika nafasi ya mstari uliofuata kabla sijauandika. "Mwaka ule usiuweke. Ruka. Andika alirudi kufundisha darasani mpaka akastaafu. Watu wanakuja kumzika, hawaji kumkagua." Nikaruka. Niliandika vizuri sana pale niliporuka. Ukiitazama karatasi huoni kovu. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wanamenya ndizi za msiba, na sauti zao ziliingia dirishani pamoja na moshi, nami nilikuwa nafikiri kwamba mwaka niliouruka kwa ajili yake ni mwaka wangu pia, na kwamba aliyestahili kuufunika kwa mkono ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimefeli kidato cha nne na sina pa kwenda, na kwa kuwa shule ile ya msingi ilikuwa na walimu wanne kwa madarasa saba, kamati ya shule ilikubali nijitolee. Shule yenyewe sitaitaja. Iko mbali na Nyaishozi, kwenye kilima kinachotazama upande wa Kyerwa, na asubuhi za mvua ukungu unaijaa mpaka watoto wanakuja ubaoni kama wanatoka ndani ya maziwa. Wazazi walinilipa kwa maharage na mikungu ya ndizi. Ualimu sikuusomea hata siku moja. Nilijifundisha kwa vitabu vya kiongozi cha mwalimu vilivyoliwa na mchwa ndani ya stoo, na kwa kusimama nje ya dirisha la Mwalimu Salvatory akifundisha, mimi nikijifanya nafagia. Kwa hiyo niliishi na hofu moja mwaka mzima: kwamba siku moja atakuja mtu anayejua kazi, ataniangalia kwa dakika tatu, atasema, huyu si mwalimu. Hofu hiyo niliitibu kwa unadhifu. Ubao wangu niliupiga mistari kwa rula. Nikikosea neno moja katikati ya sentensi nilifuta ubao wote na kuanza upya, na watoto walisubiri mikono mashavuni. Leo nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi Kayanga, karibu na stendi, na wateja wangu wananisifu kwa ugonjwa ule ule.

Ofisi ya walimu ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, kabati lisilofungika, na kinyago. Kinyago kile kilikuwa cha mti mweusi, kirefu kama mkono wa mtu mzima, mdomo umepinda upande, masikio makubwa ya popo. Katika kata yetu shule iliyoshika mkia kwenye mtihani wa darasa la saba ilikabidhiwa hicho mbele ya walimu wa shule zote, na mwalimu mkuu alitakiwa kukiweka ofisini, mahali pa kuonekana, mpaka mwingine ashike mkia. Mwalimu Deo alikileta kwa bodaboda, amekikumbatia mapajani kwa sababu hakikuingia kwenye mfuko. Njiani, alituambia, watu wa senta, pale madukani, walimsimamisha wakidhani ameanza biashara ya vinyago. Alicheka aliposimulia, akafunika uso wa kile kitu kwa kitambaa cha meza, lakini mratibu wa elimu alipopita alikifunua. Mwalimu Salvatory ndiye aliyetusaidia kuishi nacho. Kila asubuhi aliingia, akavua kofia, akainama. "Shikamoo, Mzee Mwisho." Kisha akajijibu mwenyewe kwa sauti ya kukwaruza: "Marahaba mjukuu wangu, bado mpo hapa hapa?" Tulicheka wote. Mwalimu Deo alicheka kidogo kuliko sisi, akasogeza kiti chake ili akipe mgongo.

Nilikuwa nikifundisha darasa la pili, na jioni nilikaa na wale wa darasa la nne ambao hawajui kusoma. Walikuwa kumi na wawili. Nasema hawajui kusoma, lakini kila mmoja hakujua kwa namna yake. Kulikuwa na anayejua herufi zote ila haziungi. Kulikuwa na anayekariri kitabu kizima akiangalia picha tu. Na kulikuwa na Kokushubira, tuliyemwita Koku, wa miaka kumi na mmoja, mtoto wa wakulima wa kahawa chini ya kilima, ambaye nyumbani kwao Kiswahili kiliingia kwa redio tu. Runyambo, lugha ya kwao, aliongea mpaka wenzake wakashika mbavu kwa kucheka; kwa Kiswahili aligeuka bubu. Vitabu vilikuwa kimoja kwa watoto saba, kwa hiyo nilimwandikia Koku na wenzake ukurasa wao wenyewe kwenye karatasi ya manila, kwa kalamu nene, mistari minane. Nilirudia karatasi mbili kabla ya kuridhika. Habari ilikuwa ya bibi na shamba lake la kahawa, vitu wanavyovijua. Koku aliupenda ukurasa ule kuliko kitu chochote nilichowahi kumpa mtu. Akikwama kwenye neno hakuangalia karatasi, aliangalia mdomo wangu, akisubiri uanze kuumba sauti ya kwanza, naye aidake. Mstari mmoja kwa wiki moja, tuliufikia wa tano. Wa sita ulikuwa na neno refu.

Barua ilikuja wakati kahawa inaanza kuiva. Wathibiti ubora wa shule kutoka wilayani wangetutembelea siku nzima. Kijijini watu bado waliwaita wakaguzi, na Mwalimu Salvatory alisema tofauti ni kwamba zamani walikuja na ukali, sasa wanakuja na fomu. Leo najua kazi yao vizuri zaidi, kwa sababu nachapa ripoti za shule dukani kwangu: wanaangalia andalio la somo na azimio la kazi, wanahesabu mahudhurio, wanakaa nyuma ya darasa, wanawapa watoto kitabu wasome, wanazungumza na wazazi wa kamati, na kabla ya kuondoka wanaketi na walimu kuwaambia walichokiona. Kisha wanaandika shule imefikia kiwango gani, na walio hafifu wanafuatiliwa, wanaongezewa walimu, wanafundishwa kufundisha. Sisi wakati ule hatukuona hayo. Sisi tulikuwa na Mzee Mwisho kwenye kona. Mkono uliotukabidhi kinyago na mkono uliokuwa unakuja kutupima ilikuwa mikono ya watu tofauti, wa ofisi tofauti, lakini ukishapigwa na mmoja unajikunja unapouona wa pili, hata kama umeshika dawa.

"Mgeni akija kwako unamkaribisha wapi?" Mwalimu Deo alituuliza kwenye kikao, akiipiga barua na kidole. "Sebuleni. Unatandika nyasi mbichi, unatoa kahawa ya kutafuna, unamchinjia kuku. Humwingizi chumbani kumwonyesha kitanda kilichovunjika."

"Lakini hawa, mwalimu mkuu, si wanakuja kuangalia vitanda?" alisema Salvatory.

"Wewe Salvatory, nyamaza. Editha, wewe una mkono mzuri. Nyaraka zote zipitie."

Aliniomba nyaraka. Hilo tu. Nataka liandikwe mahali fulani hata kama si kwenye wasifu: Mwalimu Deo aliniomba nyaraka tu. Kwa wiki mbili nilijifungia stooni na madaftari. Maandalio ya masomo ambayo hayakuwahi kuandikwa niliyaandika yote, ya walimu wote, nikibadilisha kalamu ili yasifanane. Mahudhurio yalinisumbua, kwa sababu msimu wa kahawa nusu ya watoto wako mashambani wanachuma, na daftari la kweli lilikuwa limejaa alama za utoro kama ukuta uliotobolewa. Nikanunua daftari jipya, nikawaita watoto wote shuleni kwa kalamu yangu. Nilifurahi, na hili ni gumu kulisema. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa natengeneza kitu kisicho na kosa hata moja. Na nilipomaliza nikainua macho nikaona kosa lililobaki: watoto kumi na wawili ambao yeyote angewapa kitabu angeona. Wazo la migombani lilikuwa langu. Nilimwambia Mwalimu Deo kwamba siku hiyo wale kumi na wawili wapewe kazi kwenye migomba ya shule, nyuma, kule bondeni, ambako huonekani kutoka madarasani. Alikigeukia kinyago. Kisha akasema, "Basi wapewe kitu cha kukalia."

Koku hakujua. Alikuwa anajiandaa. Aliwasikia walimu wakisema wageni watawasomesha watoto, akaniambia, kwa Kiswahili alichokitengeneza njia nzima kutoka kwao, "Mwalimu, na mimi nitawasomea wageni Bibi." Bibi ndilo jina aliloipa ile karatasi. Jioni ya kuamkia siku ile nilimpima. Alisoma mistari mitano, polepole, kidole chini ya kila neno, bila kuniangalia mdomo hata mara moja. Kwenye wa sita akakwama. Akajaribu tena, akakwama. Akaniangalia mdomo, nami nikaufunga. Mtu mwingine angeona mtoto aliyetoka kwenye ububu akafika mistari mitano. Mimi niliona mitatu iliyobaki. Nikaliandika jina lake kwenye orodha ya migombani, la kumi na mbili, kwa mwandiko mzuri.

Asubuhi niliwapeleka mwenyewe. Niliwatandikia majani makavu ya migomba, nikawaambia wana kazi kubwa: kulinda ndizi za shule zisiliwe na mbuzi, wasitoke, wasipige kelele, mpaka wasikie kengele. Koku alikuwa ameshika manila yake, ameikunja. Aliniuliza kama wageni watakuja huku baadaye. Nikasema, "Tutaona." Hilo ndilo neno tunalowaambia watoto tukimaanisha hapana, na wao wanajua, lakini wanabaki nalo kwa kuwa ndilo walilopewa.

Wageni walikuwa wawili: kijana aliyeitwa Bwana Erasto, na Bi. Specioza, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya matope na miwani ya kamba. Nilimtegemea awe mkali. Alimsalimia mpishi kabla ya kumsalimia mwalimu mkuu. Alikaa nyuma ya darasa langu somo zima. Halafu alikwenda darasa la nne, akawapa watoto kitabu, wakasoma mmoja baada ya mwingine, wote vizuri, wale niliowaacha. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alitoka akanishika kiwiko, akanivuta pembeni, chini ya paa, kwa kuwa mvua ilikuwa imeanza.

"Mwalimu, wewe ni wa kujitolea?"

"Ndiyo, mama."

"Hongera sana. Sasa niambie kama mwanangu. Darasa la nne wako wote?"

"Wako wote."

"Wasiojua kusoma wako wapi? Kila shule inao. Hata yangu niliyofundisha ilikuwa nao. Sijaja kumfukuza mtu, nimekuja kuwatafuta hao tu. Nionyeshe."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Kutoka pale tulipokuwa, ukigeuza shingo kidogo, unaona vilele vya migomba bondeni, majani yanainama na kuinuka. Nilijua walioko chini yake. Nilikuwa nahitaji kusema maneno mawili: kule chini. Badala yake nikasikia sauti yangu, safi, kama ya mtu anayesoma alichoandika mwenyewe: "Hawapo, mama. Wote wanasoma." Aliniangalia kidogo tu. Kisha akasema, "Haya," akafungua daftari lake na kuandika.

Chakula tuliwaandalia ofisini: ndizi zilizopikwa na maharage na kuku mzima kwenye mchuzi wa karanga. Kinyago kilikuwa kimefunikwa kitambaa na juu yake tumeweka maua. Nilitoka na jagi na beseni kuwanawisha mikono, nikafika mlangoni nikawasikia, nikasimama.

"Nafasi ni za shule mbili tu," Bwana Erasto alikuwa anasema. "Mwalimu wa kusoma na kuandika, vitabu, na sisi kurudi kila mwezi. Kwa matokeo yale, hawa nilishawaweka kwenye orodha kabla hatujafika."

"Sasa nitawaombeaje?" alisema Bi. Specioza. "Watoto wamesoma mbele yako. Mahudhurio kamili, msimu wa kahawa. Andalio halikosi hata nukta."

"Ni safi mno."

"Ndiyo nisemavyo na mimi, ni safi mno. Lakini Erasto, siwezi kuandika ninachohisi, naandika nilichokiona. Tuwape wale wa ng'ambo ya bonde. Yule mwalimu mkuu alilia mbele yetu, umesahau? Alitupeleka mwenyewe darasa la watoto hamsini wasiojua hata a."

Nilikuwa na jagi mkono wa kulia na beseni mkono wa kushoto. Nimejaribu kwa miaka kumi na miwili kujishawishi kwamba sikuelewa. Nilielewa kila neno. Nilielewa kwamba mlango uko wazi, na kwamba nikiingia na kusema, wageni wangu, kabla hamjala njooni huku chini mara moja, tutapata mwalimu aliyesomea, na vitabu, na Koku atapata mtu anayejua la kufanya mtoto anapokwama mstari wa sita. Na nilielewa kwamba hapo hapo wataniuliza, na daftari la mahudhurio aliliandika nani? Nikaingia. Nikawamiminia maji mikononi, Bwana Erasto kwanza, kisha yeye. Alisema asante, mwanangu.

Mrejesho ulifanyika saa tisa. Kiwango chetu kikawa kinaridhisha. Bi. Specioza alisoma mapendekezo machache, akainua daftari la mahudhurio, akauliza mwandiko huu ni wa nani, na Mwalimu Deo akanionyesha kwa mkono. Alisema hajaona nyaraka nadhifu namna ile katika wilaya nzima. Walimu wakapiga makofi. Mwalimu Salvatory peke yake hakupiga; alikuwa anaangalia dirishani, kwenye mvua. Na mimi nilifurahi. Nimeahidi nafsi yangu nisidanganye kwenye ukurasa huu: nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Mtu anayejua kazi alikuwa amekuja, ameniangalia, na hakusema huyu si mwalimu.

Kwa shangwe ile tulisahau kengele. Wageni walisindikizwa mpaka barabarani, wakapewa ndizi za kupeleka nyumbani, na ilikuwa inakaribia saa kumi na moja Salvatory alipotoka, akakimbia kwenye rimu ya gari iliyoning'inia mtini, kengele yetu, akaipiga kama mtu anayeita watu kwenye moto. Wakapanda kutoka bondeni kwa mstari mmoja, kumi na wawili, sare zimegandamana na miili, matope mpaka magotini. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ametoka. Koku alikuwa wa mwisho. Alikuwa anatetemeka meno yanagongana, mikono ameikunja kifuani juu ya sweta. Akaingiza mkono ndani ya sweta akatoa karatasi ya manila, imekunjwa vizuri, akanipa kwa mikono miwili kama anavyotakiwa mtoto kumpa mkubwa kitu. "Haijalowa, mwalimu," alisema. Nikaipokea. Sikuweza kumwangalia. Niliipeleka stooni nikaiweka juu ya zana nyingine za kufundishia, na vipindi vya jioni sikuvianza tena, nikisema mitihani inakaribia, nina kazi nyingi. Ukweli ni kwamba nisingeweza kukaa mbele ya mtoto yule akiniangalia mdomo.

Yaliyobaki ni mafupi. Shule ya ng'ambo ya bonde ilipelekewa mwalimu wake. Tulikuwa tunamwona asubuhi akipita na pikipiki, kiboksi cha vitabu kimefungwa nyuma, na wathibiti walirudi kwao mwezi baada ya mwezi. Kwetu hawakurudi, hatukuwa na tatizo. Matokeo yalipotoka tulishika mkia tena, na kinyago hakikuhitaji hata kusafiri. Maswali yalianza: shule inayoridhisha inashikaje mkia? Watu wa wilayani wakaja kuangalia, daftari langu la mahudhurio likawekwa mezani pamoja na karatasi za mtihani za watoto ambao hawakuwa wameandika hata majina yao. Mwalimu Deo alivuliwa ukuu wa shule. Aliambiwa aeleze nani aliandika, akasema aliandika yeye. Mtu yeyote mwenye macho angejua si mwandiko wake. Alikuwa anaandika kama kuku anayeparua. Januari niliondoka kwenda Kayanga, nikaanza kwenye duka la mtu kama mpiga chapa. Sikumuaga. Koku sikumuaga pia. Kwa miaka yote hiyo Mwalimu Deo alipopita dukani kutoa fotokopi alinisalimia, akauliza habari za mama yangu, akaondoka, na mimi nilikuwa naunyoosha ukingo wa karatasi zake mara tatu, nne, ili nisiinue uso.

Nilimaliza wasifu saa sita, karatasi ya sita, haina kosa. Nikatoka nje nyuma ya nyumba kuwasaidia wanawake, kwa kuwa sikutaka kubaki peke yangu na ile karatasi. Walikuwa wameketi kwenye majani, lundo la ndizi katikati, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu. Mmoja, mwenye mtoto mgongoni na mwingine wa kike wa miaka mitano hivi pembeni, alinisogezea nafasi. "Shikamoo, mwalimu." Miaka kumi na miwili sijaitwa hivyo. Nilimtambua kwa vile alivyoniangalia mdomo akingoja marahaba.

"Koku."

"Ni mimi waitu," alisema, kwa neno la upole la kwao. " Nimeolewa Kyerwa. Nimekuja jana kumzika mwalimu mkuu."

Nilimuuliza kama alikuwa anamfahamu kiasi hicho, mpaka atoke Kyerwa na watoto wawili. Akamenya ndizi nzima kabla ya kujibu. "Alikuja nyumbani. Walipomtoa ukubwa, alikuja kwa miguu. Akakaa kwa baba, akakataa kahawa, akasema ameficha mtoto wao kama mtu anayeficha uchafu, na anaomba radhi. Alikwenda kwa wote kumi na wawili. Baba alilia." Akaitupa ndizi kwenye sufuria. "Alisema kosa ni lake. Wewe hakukutaja."

Mwanamke mwingine upande wa pili alisema kitu kwa Runyambo na wote wakacheka, Koku naye, akamjibu haraka na kwa utani mpaka mmoja akadondosha kisu. Nilisema, Koku, siku ile. Akanikata kwa upole. "Ulituambia tulinde ndizi. Hakuna mbuzi aliyekuja." Na akatabasamu, na tabasamu lile lilinikata kuliko kama angenitukana. Nilimuuliza kama alimaliza shule. Akasema alifika la tano, akachoka kukaa. Simu yake anasomewa na mume wake. Kisha akainama kwa yule binti wake akamwambia kitu, na mtoto akasimama wima mbele yangu, mikono pembeni, kama wanavyosimama mbele ya wageni.

"Bibi ana shamba," mtoto alisema. "Shamba la bibi lina kahawa. Kahawa imeiva, ni nyekundu. Bibi anachuma asubuhi. Mimi nabeba kikapu."

Akaishia hapo. Wanawake wakampigia vigelegele.

"Nimemfundisha mimi," alisema Koku. "Bado ninayo mistari yote mitano. Mwaka ujao anaanza la kwanza, nataka aingie na kitu. Lakini ananisumbua. Kila nikifika kwenye kikapu ananiuliza, halafu? Halafu bibi akafanya nini? Nikamwambia ngoja tukimwona mwalimu." Akafuta utomvu kwenye kisu kwa jani. "Wa sita ulikuwa unasemaje, mwalimu?"

Ninakumbuka karatasi mbili nilizoharibu kabla ya ile. Ninakumbuka kalamu ilikuwa ya bluu, na kwamba mstari wa pili ulikuwa umeshuka kidogo upande wa kulia na nikauchukia kwa hilo. Ninakumbuka kwamba neno lilikuwa refu. Nilifungua kinywa, na hapakuwa na kitu. Nilitafuta, na hapakuwa na kitu. Mtoto alikuwa bado amesimama wima. Koku aliacha kumenya, akainua uso, akawa anaangalia mdomo wangu, akisubiri sauti ya kwanza.